Mwenye Mkono

Saa mbili na robo asubuhi kufuli la Mamlaka lililia mara mbili mlangoni, na Subilaga Mwaisumo akajua kwamba hatatoka ndani ya nyumba yake mpaka awe ametengeneza bunduki.

Haikuwa bunduki nzima. Sanduku lililokuwa mezani, kati ya chupa ya chai na sufuria ya viazi, lilikuwa na vipande vya mwili wa chini tu, ile sehemu inayobeba triga, nyundo na kitufe cha usalama. Mtutu na mengine yote yalikwisha kutengenezwa kiwandani bila kuguswa na mtu. Sehemu hii ndiyo iliyohitaji mtu.

"Unaweza kuanza wakati wowote, Mama," alisema shahidi. "Hakuna haraka. Lakini mlango haufunguki kabla."

Aliitwa Castory Mgaya, mwanamume wa miaka arobaini hivi, na koti lake la Mamlaka lilimpwaya mabegani. Sheria ilitaka shahidi mmoja afungiwe pamoja na mtengenezaji, ahesabu vipande, aone kwamba mikono iliyofanya kazi ni mikono iliyoandikwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mume wa Subilaga, na mkono wake wa kulia ameuficha mfukoni tangu alipoingia.

Subilaga aliinua kipande cha kwanza. Kilikuwa chepesi kuliko alivyotegemea, cheusi, baridi. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kufungia chai kwa miaka thelathini. Alijua springi, alijua pini, alijua chuma kinachokubali kuingia na chuma kinachokataa. Lakini bunduki hakuwahi kuigusa maisha yake yote.

"Mama Tusa!" Sauti ilitoka nje ya dirisha. Ilikuwa ya Ambakisye, mume wake, aliyekuwa ametolewa nje kabla ya mlango kufungwa. "Mama Tusa, wameshakufungia?"

"Wameshanifungia, Baba Tusa. Nenda kwa jirani ukaote moto."

"Siendi."

"Utapata kichomi."

"Nimesema siendi," alisema Ambakisye, na wakasikia akivuta gogo na kukaa chini ya dirisha.

*

Kijiji cha Mwandapa kilikuwa juu kabisa, mahali ambapo viazi hukomaa taratibu na umande huganda majanini, na ndipo palipobaki chemchemi. Huko chini, Tambarare, mito ilikuwa imekauka mmoja baada ya mwingine. Watu wa Tambarare walianza kupanda na ndoo. Mamlaka ya Vyanzo ikaleta walinzi wa chuma wa miguu minne, na kwa kuwa walipanda mawe bila kuteleza, watu wa Mwandapa wakawaita mbuzi.

Mwanzoni mbuzi walifyatua risasi wenyewe. Kisha mmoja wao akamuua mwalimu aliyekuwa akiokota uyoga. Kesi ikaenda mahakamani, na majaji wakasema chuma hakiwezi kusimama kizimbani. Kila risasi lazima iwe na mwenyewe. Hapo ndipo ilipokuja kura. Kila nyumba ya huku juu, kura ikiiangukia, ilipokea sanduku. Vipande vyake vilikuwa vimepakwa kitu kinachosoma jasho la vidole. Mtu aliyevipachika, kuanzia pini ya kwanza hadi ya mwisho, jina lake liliingia ndani ya chuma na halikutoka tena. Kisha bunduki hiyo ilifungwa mgongoni mwa mbuzi, na tangu hapo kila aliyeuawa na mbuzi huyo alikuwa ameuawa na mwenye jina hilo, hata kama saa hiyo alikuwa jikoni akimenya viazi.

Watu wa namna hiyo waliitwa wenye mkono. Mwandapa walikuwepo kumi na mmoja. Nyumba moja ilikataa. Walikatiwa bomba, na baada ya juma moja wakashushwa Tambarare na magodoro yao, wakawe miongoni mwa wanaopanda na ndoo.

Subilaga hakuhitaji kuelezwa Tambarare kuna nani. Binti yake Tusajigwe aliolewa huko kabla mito haijakauka. Simu yake ya mwisho ilikuwa miezi minane iliyopita, na walizungumza juu ya mtoto aliyeota meno.

*

Hadi saa nne alikuwa amepachika vipande vitano. Kila kilipokaa mahali pake kilitoa joto kidogo chini ya kidole, kama shavu la mtoto mwenye homa, na taa ndogo ya kijani iliwaka pembeni ya sanduku. Mgaya aliandika. Mikono ya Subilaga ilikuwa ikifanya vizuri kazi ambayo roho yake haikuitaka, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi. Alikuwa akiona raha, ile raha ya kale ya kitu kukubali kuingia.

Kisha springi ikamponyoka.

Ilikuwa ndogo kuliko zote, nyembamba kama sindano ya kushonea, fupi kama punje ya mchele. Alikuwa akiibana kwa ncha ya kidole, akapumua tu, ikafyatuka. Walisikia ikigonga sufuria, halafu kimya.

"Usisogee," alisema Mgaya. "Usisogeze mguu. Huwa zinaruka kila nyumba ninayoingia."

Walipiga magoti wote wawili. Walipapasa chini ya meza, nyuma ya jiko la mkaa, kwenye gunia la viazi. Mgaya alitoa mkono wake mfukoni ili ashikilie sakafu, na Subilaga akaona kwa nini alikuwa anauficha. Ulitetemeka mfululizo.

"Baridi?" aliuliza.

"Hapana, Mama."

Subilaga aliinamisha kichwa hadi shavu likagusa saruji, akatazama chini ya kabati la vyombo. Springi ilikuwa pale. Imelala karibu na mguu wa kabati, inang'aa, mkono ungeifikia bila shida.

Alibaki ameinama, akihesabu pumzi zake. Bila springi ile mwili hautakamilika. Bila mwili kukamilika hakuna jina litakaloingia. Pia hakuna mlango utakaofunguka, lakini hilo alilisukuma pembeni. Alipogeuza macho alimwona Mgaya upande wa pili wa kabati, naye shavu lake liko sakafuni, naye macho yake yako kwenye springi. Walitazamana chini ya kabati. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Haionekani," alisema Mgaya hatimaye.

"Haionekani," alisema Subilaga.

Wakarudi mezani, wakakaa.

*

Ilipita karibu saa nzima. Nje Ambakisye alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena. Subilaga alimmiminia shahidi chai, akamsogezea viazi. Mgaya alishika kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Ulitengeneza lini wewe?" Subilaga aliuliza.

"Nani amekwambia nilitengeneza?"

"Umesema 'Usisogeze mguu' kama mtu aliyewahi kukanyaga."

Mgaya alitabasamu kidogo. "Miaka miwili na nusu iliyopita. Nyumbani kwangu, meza kama hii. Nilimaliza kwa saa moja na nusu, nikajisifu. Miezi minne baadaye nilikuwa shambani napalilia, simu ikalia. Ujumbe wenyewe ni mfupi: Mkono wako umetumika mara moja. Basi. Nikasimama pale na jembe."

"Ukaenda kuona?"

"Waliponipa ruhusa alikuwa ameshazikwa. Alikuwa mwanamke. Walinionyesha ndoo yake, maana ilikuwa bado ipo pale kwenye mawe. Ndoo ya rangi ya samawati, mpini umefungwa kwa kamba ya mkonge." Aliweka kikombe chini kabla hakijamwagika. "Tangu siku ile jembe halishikiki. Mamlaka wakanipa kazi hii. Mashahidi wote ni watu ambao mikono yao imetumika. Wanasema sisi ndio hatutamdanganya mtu."

"Basi nidanganye tu leo," Subilaga alisema. "Andika kwamba kipande kimepotea."

"Nikiandika, wataleta sanduku jingine kesho, na shahidi mwingine, na mlango utaendelea kufungwa. Ukipoteza mara tatu mnashushwa, wewe na yule mzee anayekohoa dirishani."

"Na nikiipachika vibaya? Mimi ni fundi, Mgaya. Naweza kuipachika ikapita majaribio yao na isifanye kazi siku ya siku."

"Najua unaweza." Hakushtuka. Alikuwa amesikia hayo kwa watu wengine. "Kuna mama mmoja kijiji cha pili alifanya hivyo hivyo. Nilimwona, nikafumba macho. Nilifurahi hata usingizi ukanijia wiki nzima. Halafu siku moja walikuja vijana na petroli. Hao hawakuja na ndoo, walikuja kuchoma pampu ili wa juu nao waonje. Mbuzi wa yule mama akasimama bubu. Waliokufa kwenye moto wa pampu walikuwa wawili, na mmoja alikuwa shemeji yake mwenyewe. Mamlaka walipomletea habari wakamwambia: na hao pia ni mkono wako."

Subilaga alitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa na mafuta ya chuma kwenye mistari ya viganja.

"Kwa hiyo nikitengeneza nimeua, nikiharibu nimeua."

"Ndiyo, Mama."

"Na nikikaa hapa?"

"Ukikaa hapa viazi vitaisha," alisema Mgaya.

Subilaga alicheka bila kutaka. Kisha akalia kidogo, bila sauti, ili Ambakisye asisikie. Mgaya aligeukia ukutani akasoma kalenda ya mwaka uliopita mpaka alipomaliza kulia.

Ndipo Subilaga akachukua karatasi ya maelezo iliyokuwa chini ya sanduku. Ilikuwa na kurasa tisa za herufi ndogo, na Mgaya hakuwahi kumwona mtu akivuka ukurasa wa pili, wenye michoro. Lakini kiwandani Subilaga alifundishwa kwamba mtambo unaokata vidole ni ule ambao hukusoma karatasi yake. Alisoma kurasa zote. Alirudia ukurasa wa nane.

"Hapa pana maneno," alisema. "Sikiliza. Mwenye mkono anaweza kuibeba silaha mwenyewe badala ya kuikabidhi kwa mlinzi wa mitambo, endapo atalinda kituo chake siku nne kwa juma, mawio hadi machweo, mpaka atimize miaka sabini."

"Hayo yaliwekwa ili majaji waridhike. Hakuna aliyewahi kuyachagua."

"Kwa nini?"

"Mama, kule juu ni barafu. Siku nne kila juma. Una miaka mingapi?"

"Hamsini na nne."

"Basi ni miaka kumi na sita."

"Najua kuhesabu, mwanangu." Alikunja karatasi. "Mbuzi akiona ndoo anaona nini?"

"Anaona mtu aliyevuka mstari."

"Mimi nitaona ndoo. Nikimwona mwenye petroli nitaona petroli. Na nikifyatua nitakuwa nimefyatua mimi, sitaletewa habari kwa simu."

"Unaweza kufyatua?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka niwepo."

Aliinuka, akapiga magoti mbele ya kabati, akanyoosha mkono, akaitoa springi. Mgaya hakujifanya kushangaa. Safari hii Subilaga aliibana kwa kidole gumba na pumzi amezishika, na ikaingia. Pini ya mwisho iliingia saa saba kasoro dakika kumi. Chuma kilipata joto mkononi mwake, kikavuma taratibu, na kwenye ubavu wake herufi zikajitokeza moja moja mpaka jina lake likakamilika, pamoja na la baba yake.

Kufuli likalia mara mbili. Ambakisye aliingia majani yakiwa yamemnata mgongoni, akamtazama mkewe, akatazama kile cheusi mezani. Alimshika tu mabega.

*

Kamati ya kituo iliposikia alichochagua, wawili walicheka na mmoja akamwuliza kama amelogwa. Lakini karatasi ilikuwa karatasi. Jumatatu iliyofuata, kabla jua halijatoka vizuri, Subilaga alisimama kwenye Chemchemi ya Nne, kituo chake, akiwa amevaa makoti mawili, na bunduki iliyokamilika ikining'inia begani. Mbuzi aliyekuwa akilinda pale aliondolewa. Mbele yake, hatua hamsini chini, palikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Msimamizi wa zamu, Bi Sekela, alimwambia sheria kwa kifupi: wa chini asivuke mawe. Akivuka, onyo moja, kisha risasi.

Walitokea ndani ya ukungu saa moja na nusu. Walikuwa watatu, mzee na wanawake wawili, na madumu ya njano kichwani na mikononi. Walitembea wameinama kama watu wanaotegemea kupigwa. Walipofika karibu na mawe Subilaga alijikuta bunduki iko mikononi, na hakukumbuka kuishusha begani.

"Simameni hapo!" alipaza sauti.

Wakasimama. Yule mwanamke wa mbele aliinua uso taratibu, akatazama kushoto na kulia kana kwamba sauti imetoka chini ya ardhi.

"Wewe ni mtu?" aliuliza.

Subilaga alikuwa amejiandaa kwa maombi, kwa matusi, kwa mawe. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa.

"Mimi ni mtu."

"Mtu kweli? Siyo ile sauti ya mashine?"

"Mtu kweli. Naitwa Subilaga. Msivuke hayo mawe, nawaombeni. Mkivuka natakiwa kuwapiga risasi."

"Basi sisi tunaomba maji," alisema mwanamke. "Mimi naitwa Nyamizi. Huyu ni baba mkwe wangu, na yule ni mke mwenzangu. Tumetembea tangu jana."

Subilaga alitazama uso wake vizuri, kisha wa mwenzake. Hakuna aliyekuwa Tusajigwe. Alijichukia kwa jinsi alivyopumua kwa ahueni, na papo hapo akajichukia kwa kusononeka. Alifikiria sheria aliyopewa na Bi Sekela, neno kwa neno. Wa chini asivuke mawe. Hakukuwa na neno lolote kuhusu maji.

Alirudisha bunduki mgongoni, akashuka hadi kwenye mstari, akainama. "Nipeni madumu."

Walikuwa na madumu sita. Alipanda na kushuka mara tatu, goti la kulia likimuuma, maji yakimlowesha makoti. Alipokabidhi dumu la mwisho yule mzee alimshika mkono juu ya mawe, akaushika kwa muda mrefu, kama anapima kama una damu.

"Kesho utakuwepo?" aliuliza Nyamizi.

"Mpaka Alhamisi. Waambie wenzako. Ijumaa bunduki hii inarudi ghalani na mimi narudi nyumbani. Ijumaa sijui nani atakuwa hapa."

Jumanne walikuja kumi na saba. Jumatano hakuwahesabu tena. Aliweka mpira kwenye chemchemi, akauelekeza hadi kwenye mawe, akawa anaamua ugomvi wa foleni kwa kupaza sauti. Bunduki ilimpiga mgongoni kila alipoinama. Hakuna aliyevuka, na kila machweo aliiacha bunduki ghalani, akaichukua tena mawio. Kamera za Mamlaka ziliona yote, na Mamlaka hawakusema kitu. Ukimya huo ulimwogopesha kuliko karipio.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya kilele, Bi Sekela alipanda akiwa na mbuzi nyuma yake. Mbuzi alikuwa mtupu mgongoni, na kibanio chake cha bunduki kimefunguka.

"Umefanya kazi nzuri, Mama," alisema. "Nipe silaha ukapumzike."

"Inaenda ghalani?"

"Ghalani kufanya nini? Inapanda hapa." Aligonga mgongo wa mbuzi. "Siku tatu zote hizo kituo kikae bila mlinzi?"

"Karatasi haikusema hivyo."

"Karatasi haikukataza," alisema Bi Sekela, bila ubaya wowote, kama mtu anayemkumbusha mwenzake saa. "Kama haikukataza kupeleka maji kwa mpira. Hilo tumeliona, na hatukusema neno. Sasa wanajua njia ya kuja hapa, tena wengi. Kituo hiki kinahitaji ulinzi kuliko vyote."

Subilaga alitazama chini. Kwenye ukungu, ng'ambo ya mawe, watu walikuwa wameshaanza kupiga kambi ili wawe wa kwanza asubuhi. Moshi wa mioto mitatu, minne. Aliwaambia Ijumaa hajui nani atakuwepo. Ama hawakusikia, au kiu haikuwaruhusu kusikia. Na jina lililokuwa kwenye chuma lilikuwa lake.

"Siitoi," alisema.

"Mama, zamu yako imeisha."

"Onyesha palipoandikwa kwamba siruhusiwi kulinda siku ya tano."

Bi Sekela alitafuta kwenye kifaa chake kwa muda, kidole kikipanda na kushuka. "Hapajaandikwa," alikiri. "Lakini huwezi, Mama. Siku saba kwa juma? Miaka kumi na sita? Siku utakayougua, siku utakayosinzia, mbuzi huyu atakuwa amesimama hapo hapo pembeni yako anangoja. Haondoki. Nimeagizwa asiondoke."

"Basi asimame."

Bi Sekela aliteremka peke yake. Mbuzi alikunja miguu yake minne, akakaa hatua tatu kutoka kwa Subilaga, kibanio cha mgongoni kikiwa wazi. Subilaga alikaa kwenye jiwe, bunduki magotini. Alitaka kulala. Alitaka uji wa moto na kitanda chake, na alijua kwamba vyote viwili vilikuwa mbali kwa mwendo wa saa moja tu na kwamba hatavifikia.

Kabla giza halijashika alisikia kikohozi njiani. Ambakisye alitokea akipumua kwa shida, amejitwika godoro, na sufuria inagonga kiunoni mwake. Alitandika godoro kwenye nyasi kavu, kati ya mkewe na mbuzi, akawasha moto.

"Lala, Mama Tusa," alisema. "Mimi nitashika mkanda wa bunduki. Mbuzi akisogea nitakuamsha."